Nona Hataki Kula

Tony alinipigia simu wiki iliyopita nikiwa kazini, akaniambia kwamba mama yake amefariki dunia. Hakusema mengi. Tony ni dereva wa malori ya makontena, na huongea kwenye simu kama mtu aliyeegesha mahali pasiporuhusiwa. Alisema mazishi yatakuwa Alhamisi, akauliza kama nitakuja, nikasema nitakuja. Nilitaka kumwambia pole, lakini Kiingereza hakina pole. Kina neno la kuomba radhi tu, na nilipolitamka nikaanza kuwaza kama amelisikia kama pole au kama ungamo. Nikakaa mbele ya kompyuta, wenzangu wakipita na vikombe vyao vya kahawa, nikilirudiarudia lile neno moyoni nikitafuta sauti ambayo ningelisema nayo vizuri zaidi. Ndivyo nilivyo. Nilikuwa hivyo zaidi mwaka ule niliomtunza mama yake, mwaka wa kufungiwa kwa ajili ya korona, ambao nikiukumbuka leo nahisi uchovu kwanza kabla sijakumbuka jambo lolote. Uchovu wa mtu ambaye hajaenda popote.

Nilikuwa nimetoka kuhitimu shahada ya takwimu. Sherehe ilifanyika kwenye skrini; jina langu lilipita mara moja huku mtandao ukikatika Mombasa, na mama akanipigia baadaye kuniuliza kama nimeshasomwa. Nilituma maombi ya kazi, na mashine zikanijibu kwa adabu. Kwa kuwa mtu hali takwimu, nilichukua mafunzo mafupi ya kutunza wazee, kama Wakenya wengi ninaowajua hapa Sydney, nikaajiriwa na wakala mmoja na kupangiwa mjane wa Kiitaliano aliyeishi peke yake Guildford, umbali wa kutembea tu kutoka nilikopanga chumba. Kazi ilikuwa ya mchana: nimwogeshe, nimpe dawa, nimpikie, nihakikishe amekula, niandike kwenye simu ya wakala kwamba amekula. Jina lake lilikuwa Assunta, lakini hakuna aliyelitumia. Watoto, wajukuu, muuza nyama, mwenye duka la dawa, wote walimwita Nonna, ambalo kwao ni bibi, yaani nyanya kwa Kiswahili chetu cha Kenya. Na kwa kuwa gereji yake ilijaa chupa za nyanya za mchuzi, nilijichekesha peke yangu kwamba nyumba ile ilikuwa na nyanya wa kila namna. Mimi nilitamka Nona. Mama Bahati, mwenye nyumba niliyopanga, Mkongo wa Bukavu aliyefanya kazi kwenye ghala karibu na bandari ya Port Botany, alinisikia nikilitaja jina hilo siku bibi alipoanza kukataa chakula, akaweka chini kikombe chake cha chai.

"Munamuita Nona," akasema, "na iko nakonda?"

"Si nona ya kunenepa, Mama Bahati. Ni jina la Kiitaliano."

"Bon. Ile jina inamudanganya."

Nyumba ya Nona ilikuwa ya matofali mekundu, na ilikuwa na vyumba viwili vya kupikia. Cha juu kilikuwa kizuri na hakikutumika: kabati la vioo lenye vikombe vya harusi, meza ndefu, kitambaa cha lesi juu ya meza, plastiki juu ya lesi. Cha pili kilikuwa gerejini, mahali ambapo wengine huweka gari: jiko la gesi la zamani, sinki la zege, ubao mpana wa kukandia unga, na rafu toka sakafuni hadi darini zenye chupa za nyanya ambazo familia nzima ilisaga na kuchemsha kila kiangazi. Maisha yote ya nyumba ile yalikuwa gerejini. Mimi nilikuwa na maelekezo ya wakala, na maelekezo yalisema mteja ale akiwa ameketi, mezani, penye mwanga wa kutosha. Kwa hiyo kila mchana nilipika chini, nikampandisha Nona juu, nikamkalisha mbele ya lesi na plastiki, nikakaza barakoa yangu, nikarudi nyuma umbali uliotakiwa, nikasimama kumwangalia ale. Nikifikiria leo, hata mimi nisingekula.

Kabla ya kufungiwa, watoto wake wawili walikuja kila Jumapili na familia zao, na wiki nzima Nona aliishi kwa ajili ya siku ile. Mji ulipofungwa, binti yake alikuwa anafanya kazi kwenye wodi ya wagonjwa wa korona na aliogopa kumletea mama yake ugonjwa kwenye nguo zake. Tony alishinda kati ya madereva wa bandarini, akipimwa pua kila mara. Walikubaliana kwamba hakuna atakayevuka kizingiti. Tony alileta kikapu mpaka getini na kuondoka. Binti alimwona mama yake kupitia simu yangu. Nikabaki mimi, mgeni, ndiye mtu pekee aliyeruhusiwa kuingia.

Huyo binti nilimwita Mama Luca. Siku ya kwanza tuliyozungumza kulikuwa na mvulana nyuma yake akipiga kelele, nikauliza anaitwa nani, akasema Luca, na tangu hapo nikamwita hivyo, kama ambavyo ningemwita mwanamke yeyote aliyenizidi umri. Alicheka. Alisema hakuna aliyewahi kumwita hivyo, na akapenda. Kwenye kumbukumbu za wakala aliandikwa kwa jina la ukoo wa mumewe. Tony alimwita "dada" wakielewana na "bosi" wasipoelewana. Baada ya miezi kadhaa nikagundua kwamba sijui jina lake hasa, na kufikia hapo ilikuwa aibu kuuliza. Nilipanga njia nyingi za kulipata bila kuuliza, kila njia ikaonekana ya kijinga kuliko kuuliza, nikaacha.

Wiki za mwanzo Nona alikula nusu sahani. Kisha kidogo kuliko hapo. Kisha ikawa kila nikimwekea chakula anakitazama kwa makini, kama fundi cherehani anayekagua nguo ya mteja, anaizungusha sahani kidogo, anachukua sahani nyingine tupu na kuifunika. Halafu anakunja mikono. Nikimsihi anasema "basta", na neno hilo sikuhitaji kutafsiriwa, ni basi yetu iliyorefushwa. Kiingereza alichokitumia maisha yake yote ya kiwandani kilikuwa kinamtoka kidogo kidogo, na kilichobaki kilikuwa lugha ya kijijini kwao, kusini mwa Italia, ambayo hata watoto wake waliielewa nusu. Nilidhani anafunika ili nisione kwamba hajala. Niliandika kwenye simu: hakula. Niliitia sahani kwenye friji, na kesho yake nikaimwaga.

Muuguzi wa wakala alikuja kumpima uzito, mwanamke mpole nyuma ya ngao ya plastiki. Alikuja tena, na safari hiyo alinivuta mpaka uani, chini ya mlimau. "Akiendelea kupungua hivi itabidi ahamie nyumba ya wazee," akasema. "Si adhabu. Ni usalama wake." Wakati ule sote tulijua maana yake. Nyumba za wazee zilikuwa zimefungwa. Ukishaingia, mlango unafungwa nyuma yako, na wanao wanakuja kukupungia mkono nje ya dirisha. Helikopta ya polisi ilikuwa inazunguka juu ya Guildford kama kawaida ya majira yale, ikatubidi tungoje ipite ndipo nimjibu. Nilisema nitajitahidi. Usiku mzima niliona kwamba hilo si jibu.

Siku iliyofuata niliegemeza simu kwenye chupa ya nyanya, Mama Luca na Tony wakatokea kwenye skrini moja, Mama Luca akiwa ndani ya gari kwenye maegesho ya hospitali, mashavu yana alama za barakoa, Tony akiwa ndani ya lori.

"Unampa nini?" Mama Luca akauliza.

"Spageti. Na mchuzi wa chupa."

"Hebu nione." Nikageuza simu kwenye sufuria. Sikujua kwamba kwao spageti hazivunjwi. "Neema, umezivunja?"

"Hazikuingia kwenye sufuria."

"Usimwambie mtu," Tony akasema. "Sisi tumeshasahau."

"Mama hapendi spageti," Mama Luca akaendelea. "Mama anapenda masikio."

Masikio, au vijisikio, ni tambi za kwao kijijini, vipande vya unga vilivyobonyezwa kwa kidole gumba mpaka vikawa kama sikio la mtoto. Mama Luca alieleza jinsi alivyoamka Jumapili kwa sauti ya kisu kikiburutwa juu ya ubao, gerejini, na akishuka akakuta meza nzima imejaa masikio yamelala kwenye unga, na mama yake akimwambia asiseme siri, yatasikia. Tony akasema hayo ni mapenzi ya dada yake, si ya mama. Mama alipenda mabomba, yale manene yenye mistari, yaliyookwa kwenye trei na jibini mpaka kingo zikaungua. Kila siku ya kuzaliwa ya Tony mama aliyapika. Hata walipokwenda ufukweni, trei ilifungwa kwa taulo ikiwa moto, na Waaustralia wakawaangalia na mikate yao mikononi, na yeye Tony alitamani mchanga ummeze, lakini alikula mpaka akashindwa kuogelea.

"Hakuna mtu anayepika kila mwaka kitu asichokipenda," akasema.

"Alikupikia wewe, mpumbavu."

"Na masikio alimpikia nani? Baba?"

Waliendelea hivyo. Nona alikuwa ameketi mbele yao, uso wake mdogo unaangalia skrini kwa furaha, haelewi nusu ya maneno, amefunika sahani yake.

Basi nikaanza kujaribu umbo moja moja. Ndiyo elimu niliyokuwa nayo. Nilijiambia kwamba kuna umbo moja sahihi na kwamba nikibadilisha kitu kimoja tu kila siku, mchuzi ukabaki uleule na saa ileile, jibu litajitokeza. Tony aliniletea vipepeo, makome, parafujo, utepe, mabomba membamba yaliyokatwa mshazari. Nilisoma mpaka macho yakauma: mistari ya nje hushika mchuzi, tundu hubeba maharagwe, utepe unataka nyama. Kwetu tambi ni tambi. Ni nyembamba, zinavunjwavunjwa, zinakaangwa mpaka zipate rangi ya asali, zinapikwa kwa sukari, iliki na tui la nazi, na zabibu juu. Sikuwahi kujiuliza tambi zina umbo gani, kama usivyojiuliza wali una umbo gani. Siku moja nilimweleza Tony getini.

"Sukari," akasema.

"Na iliki."

"Kwenye tambi."

"Na zabibu."

Akafikiri. "Neema, mimi nakuheshimu sana," akasema, akapanda lori lake.

Hakuna umbo lililofanya kazi. Mabomba ya Tony yalipotoka kwenye oveni, Nona aliyanusa, akasema "Tonino", nami nikamjibu ndiyo, Tony ndiye aliyeyaleta. Akaitikia kwa kichwa, akafunika. Nikahitimisha kwamba amejua ni ya Tony na hayataki. Masikio yalikuwa na ajabu zaidi. Aliyagusa kwa ncha ya uma, akaniangalia moja kwa moja, akasema neno moja: "Stella." Akafunika. Kesho yake tena: "Stella." Nilitafuta kwenye simu. Nyota. Nikatafuta zaidi nikakuta kwamba kuna tambi ndogo kabisa zenye umbo la nyota, ambazo Waitaliano huwapikia watoto na wagonjwa kwenye mchuzi wa kuku. Kwa nini sikuliona tangu mwanzo? Mgonjwa anataka chakula cha mgonjwa. Nilimwandikia Tony alete tambi za nyota, bila kueleza, nikiogopa kwamba nikieleza nitakosea. Alijibu: za watoto wachanga? Sawa.

Nilizipika kwa supu ya kuku niliyoichemsha asubuhi nzima. Nona alipoona bakuli, alicheka. Sikuwa nimesikia kicheko chake tangu kufungiwa. Alizikoroga nyota kwa kijiko, akaziangalia zikizunguka, akasema "Stella, Stella", na macho yakamlengalenga. Nami nyuma ya barakoa nikalengwalengwa. Kisha akachukua sahani, akafunika bakuli, akalisogeza upande wa pili wa meza, mbele ya kiti kitupu.

Muuguzi alipima tena wiki ile. Alimpigia Mama Luca mwenyewe. Kitanda kilikuwa kimepatikana kwenye nyumba ya wazee. Familia ingetoa jibu Ijumaa.

Tony alikuja getini siku hiyo ya kupimwa akiwa hana kikapu. Alikuwa amekuja tu. Tulisimama, yeye njiani, mimi kwenye kibaraza. Nilimwomba radhi. Nilimwambia nimejaribu kila umbo, hata lile alilolitaja mama yake mwenyewe.

"Lipi?"

"Nyota. Kila nikimpa masikio anasema stella. Nikampa nyota, akafurahi, halafu akazifunika vilevile."

"Neema. Stella ni dada yangu."

"Dada yako ni Mama Luca."

"Mama Luca ni wewe tu unayemwita hivyo. Ulidhani unazungumza na nani miezi yote hii?"

Alicheka mpaka akashika nguzo ya geti, akavuta barakoa apate pumzi, akacheka tena. Niliona haya mpaka miguuni. Halafu kicheko kikamkatika ghafla. "Stella ndiye aliyependa nyota," akasema. "Alipokuwa mdogo hakula kitu kingine." Akanigeukia. "Na mabomba, anasemaje?"

"Anasema Tonino. Mimi namjibu ndiyo, Tony ndiye aliyeleta."

"Tonino ni mimi. Nikiwa mtoto." Aliitazama nyumba, dirisha la juu lenye mapazia ya lesi. "Halafu anafunika?"

"Anafunika."

"Anatuwekea," akasema. "Anangoja tuje kula."

Hakukataa chakula hata siku moja. Kilikuwa si chake. Nilimwuliza Tony swali ambalo lilikuwa limebaki, swali rahisi: nyinyi mlipokuwa mnakula masikio na mabomba, yeye alikuwa anakula nini?

"Alikuwa jikoni," Tony akasema.

"Najua. Alikuwa anakula nini?"

"Alikuwa jikoni, Neema," akarudia, kana kwamba hilo ni jina la chakula. Kisha akaona mwenyewe alichosema, akavaa tena barakoa yake.

Nilimpigia Mama Luca. Sikuweza kumwita Stella, hata sasa ninashindwa. Nilimweleza, nikamwuliza lile swali. Alisema anakumbuka mafundo ya aproni ya mama yake kwa nyuma. Anakumbuka mgongo wake, na mkono ukitokea begani pako kukuongeza jibini. Uso wake ukitafuna hakuukumbuka. "Nina miaka hamsini," akasema, "na sijui mama yangu anapenda nini." Hakuwa analia. Alikuwa amechoka, alikuwa anatoka zamu.

Jioni nilirudi nyumbani nikamkuta Mama Bahati amepika wali na sombe, majani ya muhogo ya kwao. Alimpakulia binti yake, akamwita, na Bahati akatoka chumbani na vifaa vya kusikilizia masomo masikioni, akachukua sahani, akasema asante kwa Kiingereza, akarudi. Akanipakulia na mimi. Nilianza kula huku nikiwaza mambo yangu. Nilipoinua macho, Mama Bahati alikuwa amesimama penye jiko, amenipa mgongo, sufuria imeinama kwenye mkono wake wa kushoto, anakwangua ukoko kwa mwiko.

"Mama Bahati, njoo ukae."

"Niko nakula."

"Umesimama."

"Sasa? Mama wa nyumba anakula mu sufuria. Weye kula, uko nawaza sana."

Nilimwona mama yangu mwenyewe, kwenye kigoda chake, akikwangua wali ulioshika chini, ule tuliokuwa tunagombania sisi watoto na yeye akasema leo ni zamu yake, na kila siku ikawa zamu yake. Kwetu ukoko ni wa mpishi. Hakuna aliyewahi kunifundisha hilo, kwa hiyo sikulihesabu kama kitu ninachokijua. Nilikuwa nimetumia wiki nyingi kubadilisha umbo la tambi, kumbe sikuwahi kuiondoa sahani.

Kesho yake sikumpandisha Nona juu. Nilizima mawazo yangu kadiri nilivyoweza na kumwongoza gerejini, mkono wake umenishika kiwiko. Nilipika mabomba kwenye mchuzi wa chupa, yeye akiwa kwenye kiti kando, akinitazama na kulaani kitu fulani, nadhani chumvi. Nikapakua sahani mbili. Nikasema hii ya Stella, hii ya Tonino. Nikazifunika zote mbili mbele yake, nikaziweka kwenye ubao wa unga. Kwenye sufuria niliacha kiasi, niliachia moto kidogo mpaka yaliyokuwa chini yakashika na kuungua kingo, nikazima gesi. Sikusema ale. Nilijifanya ninaosha kitu kwenye sinki, mgongo kwake, huku nikiwaza namna zote ambazo mtu wa umri ule anaweza kuanguka juu ya zege. Nilisikia kiti kikisogea. Kisha nikasikia mwiko.

Alikula amesimama, nyonga yake imeegemea jiko, akikwangua taratibu kwa ujuzi mkubwa, akizungusha sufuria kama mtu anayejua chuma hicho kila kona yake. Alikula yote. Akalamba mwiko. Alipoona ninamtazama aliona haya kidogo, kama mtu aliyefumwa, akaniambia "basta", nami nikajua kwamba safari hii ananiambia nisitazame.

Ilikuwa hivyo Jumatano, na Alhamisi. Alhamisi alikula masikio mpaka nikaogopa kuwa ninamzidishia. Sikumwambia mtu, maana nilikuwa ninavunja maelekezo yote kwa pamoja: mteja amesimama, penye jiko, gerejini, bila sahani. Nilijibishana na wakala kichwani, nikajitetea, nikashindwa kesi, nikakata rufaa. Ijumaa muuguzi akaja mapema kuliko nilivyomtarajia. Alipita uani akaingia moja kwa moja gerejini, akatukuta: Nona na sufuria yake, mimi nyuma yake, mikono yangu imekaa hewani pande zote mbili za kiuno chake bila kumgusa.

"Kwa nini amesimama?" akauliza.

"Mezani anawangojea watoto. Hapa anakula."

Aligusa jiko kuona kama lina moto. Aliangalia sahani mbili zilizofunikwa, akainua moja, akairudisha. "Akianguka?"

"Niko nyuma yake."

"Kila siku?"

"Kila siku."

"Utachoka."

"Nimeshachoka," nikasema.

Aliinua ngao yake ya plastiki, akajifuta paji la uso kwa mkono wa gauni, na nikaona kwamba ni mtu mzima kuliko nilivyodhani. "Sote," akasema. Akasema yeye ataandika alichokiona, kwamba mteja anakula mwenyewe, lakini uamuzi ni wa familia, na binti anangoja simu yake ili aseme ndiyo kwa kile kitanda. Nikamwomba nipige mimi.

Mama Luca alipokea akiwa na sare. Kabla hajasema neno niligeuza simu, nikaishika juu ya bega la Nona. Kwa mara ya kwanza nilinyamaza bila kupanga nitasema nini. Sauti pekee ilikuwa mwiko juu ya sufuria. Nona alikuwa amefika chini kabisa, penye yaliyoshika, akawa anabandua kwa ncha, anatia kinywani, anatafuna macho yamefumbwa nusu. Niliishika simu kwa mikono miwili.

"Anakula amesimama," Mama Luca akasema mwishowe.

"Ndiyo."

"Hivyo ndivyo alivyokuwa anakula? Wakati ule wote?"

"Nadhani hivyo."

Alitazama mpaka mama yake alipoweka sufuria kwenye sinki na kuimwagia maji. Nyuma yake hospitalini mtu alimwita, Stella, Stella, naye hakugeuka.

"Kule watamkalisha," akasema. "Mwambie muuguzi hapana."

Nilimwambia. Kisha nikatoka, kwa sababu lori lilikuwa limesimama nje na Tony alikuwa getini amevaa fulana yake ya kung'aa, mikono miwili imeshika vyuma, hawezi kuingia na hawezi kuondoka.

"Dada amesemaje?" akauliza.

"Amesema mama yenu asimame."